Bwawa limegeuka kijani na klorini ipo! Wataalamu wa maji naombeni msaada

BwawaLaTope
Wakuu, habari zenu. Nina bwawa la kuogelea nyumbani, urefu mita 9, upana mita 4 na nusu. Aliyelijenga aliniambia linabeba lita 90,000. Hii ni wiki ya tatu maji ni kijani, ngazi ya pili siioni kabisa. Kinachonichanganya ni kwamba klorini ipo. Vijikaratasi vya kupimia vinasoma 3, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) inaangukia kwenye rangi ya "sawa". Kila wiki naweka vidonge 5 vya gramu 200 kwenye kikapu cha skima (pale panaponasa uchafu wa juu ya maji), na sijaruka hata wiki moja tangu nijaze maji mapya miezi mitano na nusu iliyopita. Kijani kilipoanza nikapandisha hadi vidonge 8, wapi! Nikamwaga chupa nzima ya ile dawa ya bluu ya kuua mwani, maji yakang'aa siku mbili kisha yakarudi kulekule. Juu ya hayo, binti yangu alipausha nywele na sasa zimekuwa za kijani kama za katuni. Mama mwenye nyumba amepiga marufuku mtu yeyote kuingia majini. Nisaidieni kabla sijafuga kambale.

NdegeMaji
Mkuu, dawa ndogo hiyo. Weka vidonge 12, viwili uvivunje uvitupe katikati. Langu lilishawahi kuwa hivyo, likatulia.

Mpita Njia
Kambale ni wazo zuri. Hawana habari na pH.

Mama Wawili
Naweka kiti hapa nisikilize, langu nalo linaanza anza. Ila @NdegeMaji, kidonge kilichovunjwa kikitua sakafuni kinaacha doa jeupe lisilotoka. Langu ninalo, nalitazama kila asubuhi.

Fundi Bomba
Mleta uzi, usiongeze kitu chochote kwa leo. Wala usimsikilize NdegeMaji (samahani kaka). Nijibu haya kwanza:

Kina cha upande mfupi ni ngapi na upande mrefu ni ngapi? Pakiti ya vidonge imeandikwa dawa gani, trikloro au kitu kingine? Una hita? Una chemchemi au maporomoko yoyote yanayorusha maji? Na hivyo vijikaratasi vimekaa wazi kwa muda gani?

BwawaLaTope
Kina ni mita 1.2 kwenda 1.8. Pakiti imeandikwa trikloro asilimia 90. Hita ipo, ndani yake kuna koili ya shaba. Maporomoko madogo ya ukutani yapo, yanafanya kazi mchana kutwa, watoto wanayapenda. Vijikaratasi... nimekwenda kuangalia, kifuniko kina ufa. Havina tarehe.

Fundi Bomba
Vijikaratasi tupa. Vikinyonya unyevu vinasoma vinavyotaka vyenyewe. Tafuta kifaa cha kupimia cha matone, kile chenye vichupa, na hakikisha kina kipimo cha asidi ya sayanuriki, ile inayokuja pamoja na klorini ya vidonge. Bila hicho tunapiga ramli.

Sasa hesabu. Mita 9 mara 4.5 mara kina cha wastani 1.5, unapata mita za ujazo 60 na kidogo. Yaani lita 60,000. Hizo 90,000 sijui zilitoka wapi, labda alipima mpaka ukingoni akaongeza na ya kwake. Maana yake kila dawa uliyoweka kwa kufuata lita 90,000 ulizidisha nusu tena.

Na ukae na hii kichwani, itakusaidia maisha yako yote na bwawa: ppm moja ni gramu moja katika mita ya ujazo moja. Basi. Kwako wewe ppm 1 ni gramu 60.

Kidonge chako kimoja cha gramu 200 kina gramu 180 za klorini. Gawa kwa 60, kinakupa ppm 3 za klorini. Tatizo ni kwamba trikloro haiji peke yake. Kila ppm 10 za klorini ya trikloro zinakuachia ppm 6 hivi za sayanuriki. Kwa hiyo kidonge kimoja kimekuachia 1.8. Vidonge 5 kwa wiki ni 9. Wiki 23 ni 207. Klorini inaliwa na kuisha, sayanuriki haiendi popote. Jua haliili, filta haiishiki, na maji yakikauka yenyewe inabaki. Inatoka kwa maji yaliyomwagika tu. Toa yale ya kuosha filta na yanayorushwa na watoto, mimi nakisia uko kati ya 170 na 190.

Ukipima nje ya hapo nitakuomba radhi hapahapa hadharani.

Mama Wawili
Fundi, hiyo sayanuriki ni sumu? Maana mimi nilijua ni kinga ya klorini dhidi ya jua.

Fundi Bomba
Ni kinga kweli dada. Klorini tupu kwenye jua kali la mchana, nusu yake hupotea ndani ya saa moja. Sayanuriki inaishika klorini mkononi na kuiachia kidogo kidogo, hivyo jua haliipati yote. Ukiwa na 30 mpaka 50 mambo ni mazuri. Lakini mkono huohuo ukizidi kukaza, klorini haifanyi kazi. Kipimo kinasoma 3, maana kipimo kinahesabu na ile iliyoshikwa. Mwani hauhesabu hivyo.

Kanuni ninayoitumia mimi: klorini huru (ile ambayo haijaungana na uchafu) isishuke chini ya asilimia 7.5 ya sayanuriki. Ukiwa na sayanuriki 40, klorini 3 inatosha. Ukiwa na 180 unahitaji 13.5 ili tu mwani usiote. Mleta uzi ana 3. Anafuga mwani na kuulisha vizuri.

MwalimuMaabara
Naomba kupinga kidogo. Mimi nafundisha kemia. Jambo kubwa ni pH. Klorini majini inagawanyika sehemu mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua, na ioni ya haipokloraiti ambayo ni dhaifu sana. Kwenye pH 7.5 ziko nusu kwa nusu. Ukishuka hadi 7.0 inayoua ni kama robo tatu, ukipanda hadi 8.0 inabaki robo. Mleta mada aanze na pH, hayo mengine baadaye. Hata CDC, taasisi ya afya ya Marekani, wanataka pH kati ya 7.0 na 7.8.

Fundi Bomba
Mwalimu, hesabu yako ni sahihi kwa maji yasiyo na sayanuriki. Ikiwemo, klorini nyingi imeshikwa, na pH ikipanda ile iliyoshikwa inaachiwa kufidia. Mgawanyo hauporomoki kwa kasi hiyo. Mimi pH naiangalia kwa ajili ya macho ya watu, plasta na hita. Na haohao CDC wanasema klorini isiwe chini ya 1, ila ukitumia sayanuriki isiwe chini ya 2. Wanajua kuna mkono unaoishika.

MwalimuMaabara
Nimekubali kwa nusu. Nusu nyingine nitaitafakari.

NdegeMaji
Mimi naona mnazunguka. Maji yangu yananuka klorini mpaka nje ya ukuta, ndiyo dalili ya usafi.

Mama Wawili
Kaka Ndege, hapana. Hilo hata mimi nalijua. Maji yenye klorini ya kutosha hayanuki hivyo. Hiyo harufu inatoka kwa klorini iliyoungana na jasho na mkojo, na ndiyo inayochoma macho. Bwawa likinuka hivyo linaomba klorini zaidi.

NdegeMaji
Mkojo? Kwangu?

Mpita Njia
Kambale hawasemi walichofanya majini.

BwawaLaTope
Nimerudi na kifaa cha matone. Matokeo haya:

Klorini huru 2.5. Klorini iliyoungana 1.5. pH ni 6.8, ambayo ndiyo rangi ya mwisho chini, labda ni chini zaidi. Alkaliniti (uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe) 60.

Sayanuriki: nilimimina ule mchanganyiko mweupe kama maziwa kwenye mrija nikiangalia kile kidoa cheusi cha chini, kikapotea kabla sijafika hata kwenye mstari wa 100. Nifanyeje hapo?

Fundi Bomba
Mstari wa 100 ndio mwisho wa kipimo. Chukua nusu maji ya bwawa na nusu maji ya bomba, upime upya, jibu uzidishe kwa 2. Simama nje, mgongo uelekee jua, mrija uushike usawa wa kiuno. Ukiukodolea macho kwa karibu kidoa hakipotei mapema na utapata jibu la uongo.

BwawaLaTope
90. Mara 2 ni 180. Fundi, wewe ni mchawi?

Fundi Bomba
Hesabu ya darasa la tano.

Hizo namba nyingine nazo zina maneno. Trikloro ni kali kwa asidi, imekula alkaliniti yako ndiyo maana pH imelala sakafuni. Na katika hizo 60 za alkaliniti zaidi ya nusu ni sayanuriki inayojifanya alkaliniti. Hakuna kinachoizuia pH. Maji ya namna hiyo yanatafuna koili ya hita, shaba inaingia majini. Ongeza na ile dawa ya bluu, nayo ni shaba. Klorini ikaigusa shaba, shaba ikang'ang'ania nywele za binti. Watu husema klorini inageuza nywele kijani, ni shaba. Akaoshe kwa shampuu ya kuondoa madini, na kabla ya kuogelea aloweshe nywele kwa maji safi kwanza, zikishashiba hazinywi ya bwawa kwa wingi.

Zima hita mpaka pH irudi juu ya 7.2.

BwawaLaTope
Sawa. Dawa ya kuondoa sayanuriki ni ipi ninunue?

Fundi Bomba
Ni maji. Utamwaga mengine na kuingiza mapya. Zipo poda zinazouzwa kwa kazi hiyo, mimi nimejaribu moja mara mbili, mara zote mbili nikaishia kumwaga maji.

Ukitoa nusu na kujaza, unabaki na 90. Ukitoa nusu tena na kujaza, 45. Hapo tunasimama.

Usilikaushe lote kwa mkupuo, hata mtu akikuambia ni haraka zaidi. Kama maji ya ardhini yako juu, hasa baada ya mvua, bwawa tupu linaweza kusukumwa juu kama mtumbwi, nalo likiinuka halirudi. Nimeliona moja, ukingo umepanda kiasi cha kiganja na mabomba yote yamekatika. Uzito wa maji ndio unaolikalisha chini. Wenye mabwawa ya turubai nao likikauka turubai hunywea na kukunjamana.

Na hayo unayotoa acha kwanza klorini iishe, pima uone sifuri. Usiyaelekeze mtoni wala kwenye bwawa la samaki la jirani. Klorini na shaba vyote vinaua samaki.

Mpita Njia
Naondoa hoja yangu ya kambale.

Kisima Kirefu
Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi langu najaza kwa maji ya kisima. Yakitoka ni meupe kabisa, nikiweka klorini ndani ya saa moja yanakuwa rangi ya chai. Ni mwani pia?

Fundi Bomba
Hapana, hiyo ni chuma. Ilikuwa imeyeyuka haionekani, klorini imeifanya kutu. Tazama hivi: maji yenye rangi lakini sakafu unaiona vizuri, ni madini. Maji yenye rangi na ukungu, ngazi huioni, ni mwani. Wewe usilipige bwawa zima klorini nyingi, litaacha madoa kila mahali. Chukua ndoo moja ya maji ya kisima, weka klorini, yaache usiku kucha. Asubuhi utaona kutu imetua chini. Njia nzuri ni kuyatibu maji nje, kwenye tangi, yakitulia ndipo uyaingize. Au utumie dawa ya kufunga madini, lakini hiyo inaisha nguvu, itabidi uirudie.

Kisima Kirefu
Nashukuru sana mkuu. Miaka miwili nauua mwani ambao haupo.

BwawaLaTope
Siku ya 6. Nimemaliza kumwaga na kujaza mara mbili. Maji ya bomba langu nilipima kabla: pH 7.8, alkaliniti 150. Sasa bwawa linasoma: sayanuriki 45, alkaliniti 130, pH 8.0, klorini 0. Bado kijani, ila kijani cha majani ya chai mabichi, kabla kilikuwa cha nyoka.

Fundi Bomba
Vizuri. Sasa tunapiga mwani. Fuata mpangilio, usirukeruke.

Kwanza shusha pH hadi 7.2 kwa asidi. Nusu ya kiasi ulichoelekezwa kwenye chupa, imimine taratibu mbele ya mdomo wa maji yanayorudi, pampu ikiwa inafanya kazi. Subiri saa moja, pima, ongeza tena ikibidi. Miwani na glavu uvae. Tunafanya hivi kwanza kwa sababu klorini ikipita 10 kile kipimo chekundu cha pH hudanganya, kinageuka zambarau na utadhani pH imepaa. Kwa hiyo ukishaanza klorini nyingi usipime tena pH mpaka ishuke.

Pili, safisha. Toa majani, piga brashi kuta zote, nyuma ya ngazi, ndani ya kifuniko cha taa. Kule nyuma ya taa ndiko mwani unakopanga chumba.

Tatu, klorini ya majimaji, ile ya sodiamu, isiyo na sayanuriki. Lengo ni asilimia 40 ya sayanuriki: 45 mara 0.4 ni 18, tuseme 20 kwa kuwa kipimo cha kidoa si cha mizani. ppm 20 mara gramu 60 ni gramu 1,200. Kama ni ya asilimia 10, lita moja ina kama gramu 100. Lita 12. Weka jioni, jua likishazama. Iwe mpya pia, maana iliyokaa dukani juani imepoteza nguvu hata kama chupa inaapa vinginevyo.

Mama Wawili
Mtu akikosa ya majimaji?

Fundi Bomba
Unga wa kalsiamu haipokloraiti, asilimia 65. Kwa gramu 1,200 ni kilo 1 na gramu 850 hivi. Utaongeza ugumu wa maji kidogo, kama 14, si mbaya kama maji yako si magumu tayari. Uyeyushe kwenye ndoo kwanza. Maji yatangulie ndoo, unga ufuate. Usifanye kinyume.

NdegeMaji
Mimi unga na vidonge naweka pamoja kwenye kile kifaa kinachoelea, vinasaidiana.

Fundi Bomba
NDEGE. Acha kabla hujaendelea kusoma. Usikitikise. Usikifunge. Trikloro na kalsiamu haipokloraiti vikikutana na unyevu kidogo tu vinaweza kuwaka moto au kulipuka. Hata kijiko kilichochota hiki kisiguse kile. Hata kukaa rafu moja, kimoja juu ya kingine, usithubutu.

Mama Wawili
Mimi ilinikuta na asidi. Nilipima asidi kwa kikombe, nikakisuuza haraka haraka, nikakitumia kwa klorini. Moshi wa kijani-njano ukanyanyuka, nilikohoa wiki nzima. Na hapo ni mabaki ya kikombe tu. Tangu siku hiyo asidi ina kikombe chake chekundu na inakaa upande mwingine wa nyumba.

NdegeMaji
Nimekitoa nje ya banda kwa upole kama yai. Asanteni. Sitanii safari hii.

BwawaLaTope
Wakuu, dharura! Nimeweka lita 12 saa moja jioni. Saa tatu nimepima, maji kwenye mrija yalikuwa waridi kwa sekunde moja kisha yakawa meupe kabisa. Klorini 0! Mwani umekula yote kwa saa mbili? Nina lita 12 nyingine hapa, ndiyo navaa glavu.

Fundi Bomba
Vua glavu.

Klorini yako haijaisha, imezidi uwezo wa kipimo. Ile rangi ya waridi ikikutana na klorini nyingi huungua na kupotea. Ukiona waridi kisha meupe, huo ni ujumbe wa "nyingi", sio "hakuna". Watu wengi wamemwaga dawa mara nne usiku mmoja kwa sababu ya hiki kimrija.

Chukua sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji yaliyotoneshwa, yale ya betri, pima, zidisha kwa 5.

BwawaLaTope
3.5. Mara 5 ni 17.5. Nimekaa chini.

MwalimuMaabara
Hili nitawaonyesha wanafunzi. Jaribio linaloonekana halijatokea kwa sababu limetokea kupita kiasi.

Fundi Bomba
Sasa kila asubuhi na kila jioni pima, irudishe 20. Pampu isizimwe. Kabla ya kulala pima, uandike. Alfajiri kabla jua halijagusa maji pima tena. Usiku hakuna jua la kusingizia, kilichopungua kimeliwa na mwani. Geji ya filta ikiwa imepanda robo juu ya ilivyokuwa filta ikiwa safi, rudisha maji nyuma uioshe.

BwawaLaTope
Ripoti:

Usiku wa kwanza kutoka 19 hadi 13. Maji yamekuwa kijivu, kama ya kunawia mikono.
Usiku wa pili 20 hadi 16.5. Geji inaanza kwa 0.8, inafika 1.0 kila baada ya saa kadhaa, naosha filta mpaka nimeota misuli.
Usiku wa tatu 20 hadi 18. NAIONA NGAZI YA PILI. Ya tatu pia.
Usiku wa nne 19 hadi 17.5. Nilidhani nimemaliza, kumbe bado. Nikakumbuka maneno ya taa, nikafungua kifuniko. Wakuu, kulikuwa na shamba mle.
Usiku wa tano 19.5 hadi 19. Klorini iliyoungana 0.5.

Sakafu naiona mpaka screw ya kichujio cha chini.

Fundi Bomba
Ikipungua 1 au chini yake usiku kucha, iliyoungana isizidi 0.5, na sakafu inaonekana: yote matatu unayo. Acha klorini ishuke yenyewe mpaka 6 au 5, ndipo watu waingie. Halafu ndiyo upime pH.

Mama Wawili
Binti je?

BwawaLaTope
Nywele zimerudi njano baada ya kuosha mara tatu. Anasema ile ya kijani ilianza kumpendeza.

BwawaLaTope
Naam, wiki mbili baadaye nimerudi. Klorini iko 4 hadi 5, naongeza ya majimaji nusu lita na zaidi kidogo kila jioni. Maji kioo. Kero moja: pH. Naishusha 7.4, baada ya siku mbili iko 8.0. Nashusha, inapanda. Asidi inaisha kama maji ya kunywa. Klorini ya majimaji si ndiyo inayopandisha?

MwalimuMaabara
Hapa niachieni. Klorini ya majimaji inapandisha ikiingia, lakini ikishatumika inarudisha karibu kiasi kilekile. Mshtakiwa wako ni maporomoko. Maji yenye alkaliniti ya juu yamejaa kaboni dayoksaidi. Ukiyarusha hewani inatoroka, kama soda iliyoachwa wazi, na pH inapanda. Alkaliniti haibadiliki, ndiyo maana mchezo hauishi. Punguza alkaliniti: shusha pH kwa asidi hadi 7.1, washa maporomoko yaipandishe, ishushe tena, rudia. Kila asidi inakula kipande cha alkaliniti, maporomoko yanarudisha pH peke yake. Ukifika 80 au 70 simama. Na mtu asije akakushauri uongeze soda ya kuumulia, hiyo inapandisha alkaliniti.

Fundi Bomba
Nilikuwa nataka kuandika hayohayo. Mwalimu amerudisha ile nusu yake. Nyongeza tu: hita izimwe kila unaposhuka chini ya 7.2, na maporomoko usiyawashe kutwa, muda wa saa mbili tu jioni watoto wakiwepo unatosha.

BwawaLaTope
Alkaliniti imefika 75. Sasa pH kutoka 7.4 inachukua siku 9 kufika 7.8.

Swali la mwisho nisiwachoshe. Nina ndoo karibu nzima ya vile vidonge. Nitupe?

Fundi Bomba
Usitupe, na hasa usitupe kwenye pipa la taka. Weka pakavu, penye hewa, mbali na kila kitu kingine. Ni dawa nzuri kwa mtu anayejua inaacha nini nyuma.

BwawaLaTope
Mwezi ujao tunasafiri siku 14. Nimepiga hesabu: vidonge 8 mara ppm 3 ni 24 za klorini, kama 1.7 kwa siku. Sayanuriki itapanda 14.4, kutoka 45 kwenda 59 au 60.

Fundi Bomba
Weka hivyo hivyo 8. Jioni ya kuondoka pandisha klorini hadi 8, alkaliniti ipime kabla maana trikloro itaila kidogo, na maporomoko uyazime. Ukirudi klorini yako ya chini iwe 4.5 badala ya 3 na nusu.

NdegeMaji
Fundi, na mimi nimenunua kifaa cha matone. Kidoa kimepotea kabla ya 100. Nikachanganya nusu kwa nusu, kikapotea tena kabla ya 100. Nichanganye na nini sasa?